Mkono wa Kuwarushia Tumbili

Kisahani changu cha kwanza cha karibu hakikupotea wala hakikuvunjika. Kilipokea wageni.

Siku hiyo walikuja watu wanne kutoka Nyabiyonza, wakwe wa shangazi yangu, kutusalimia. Bibi akaenda kuchukua kile kikapu kidogo cha kusuka anachowekea amwani, yaani kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yake kisha ikaanikwa mpaka ikauke, ambayo kwetu mgeni anapewa kabla hajaulizwa kilichomleta. Panya walikuwa wamekitoboa. Bibi akatazama ukutani, akaona kitu cha bluu, cha mviringo, ukingo umenyooka vizuri, kimening'inia kwenye msumari wangu. Akakipangusa kwa kanga, akakijaza.

Niliporudi na baiskeli yangu ya maziwa nikamkuta mzee mmoja anachota kahawa kwenye kifaa changu cha michezo. Alikuwa anakisifu. Alisema ni chepesi na hakina kona za kuficha uchafu.

Nikasubiri waondoke. Bibi akakiosha, akakifuta, akakiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Nikamweleza kwa upole kwamba kile ni cha kurusha, na kwamba mechi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

"Mume wangu," akasema Bibi, "wakwe wameshakula humo."

Mimi ni mume wake tangu babu afariki. Ni utani wa kawaida wa bibi na mjukuu, ila yeye anautumia hasa akitaka kumaliza mazungumzo. Na kweli yaliisha. Chombo kilichowapa wakwe amwani hakiwezi kurudi kutupwa malishoni, kikatue juu ya mavi ya ng'ombe. Hata mimi niliyeumia nililiona hilo.

Nieleze mchezo wenyewe, maana si kila mtu hapa Karagwe ameuona, na wengi waliouona walidhani tunafukuza ndege.

Kulikuwa na mwalimu mgeni kutoka nchi moja ya baridi, aliyekuja kufundisha useremala kwenye chuo cha ufundi. Alikuja na masanduku mawili. Moja lilikuwa na nguo. La pili lilikuwa na visahani vya plastiki na kikapu cha chuma cha kukunja: nguzo moja, bakuli la vyuma vyembamba katikati, na juu ya bakuli minyororo mepesi inayoning'inia kuizunguka nguzo. Mchezo unaitwa gofu ya visahani. Unarusha kisahani kutoka mbali, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kigonge minyororo na kudondokea ndani ya bakuli. Kwa mbali unatumia kisahani chembamba chenye makali. Ukishafika karibu, hatua kumi hivi, unakirudisha mkobani na kutoa kisahani cha karibu, ambacho ukingo wake ni mnene na hakina haraka. Yule mwalimu alikuwa anatuambia kwamba cha mbali ni cha kujionyesha, na cha karibu ndicho cha kushinda.

Alifundisha vikundi viwili. Sisi wa Bugene tulikuwa na Jumamosi, na wenzetu wa Nkwenda, upande wa Kyerwa, walikuwa na Jumapili baada ya ibada. Kikapu kilikuwa kinasafiri naye kwenye pikipiki. Muda wake ulipoisha alituita wote, akasema kikapu ni kimoja na vikundi ni viwili, kwa hiyo tucheze mara moja kila mwaka, na atakayeshinda akae nacho mpaka mwaka unaofuata. Akatupa mkono wa kwaheri mmoja mmoja, akaondoka. Nililia kidogo, lakini nilikuwa nimevaa kofia.

Mtu atauliza kwa nini hatukutengeneza kikapu kingine. Tulitengeneza. Fundi wa kuchomelea milango pale Kayanga alituchomelea kimoja kwa ringi ya baiskeli na minyororo ya kufungia mbwa. Kisahani kikifika kinagonga na kurudi nje, kama mtu aliyekosea nyumba. Sasa hivi mke wa fundi anakitumia kuanikia vyombo.

Basi mwaka huo kile cha kweli kilikuwa kwetu. Kilisimama kwenye malisho nyuma ya Bugene, ng'ombe wakijikuna kwenye nguzo yake. Mimi kila asubuhi nazungukia wafugaji, nakusanya maziwa, nayapeleka kwenye migahawa ya Kayanga, na nikirudi na madumu matupu ilikuwa lazima nipite pale. Narusha mara ishirini, thelathini, kisha narudi kwetu Ihembe. Ile minyororo ikiguswa inalia kama vijiko vingi vinavyocheka. Nikiisikia, najiona nimeshuka kwenye ndege katika nchi yenye theluji, nimevaa sweta aliloninunulia Bibi, na mtu ameshika karatasi yenye jina langu, amekosea herufi moja. Mimi niliishia kidato cha pili. Ndoto hiyo haikuhitaji cheti, na ndiyo maana niliipenda.

Kikapu kikienda Nkwenda ningebaki na nyasi. Hilo ndilo nililokuwa nalifikiria nikiendesha baiskeli, nikinywa chai, na hata kanisani.

Masharti ya mechi tuliyapanga kwa simu. Kila upande utatoa mtu mmoja. Kila mmoja atarusha mara kumi, akiwa hatua kumi kutoka kwenye kikapu. Wakilingana, kikapu kitaondoka na wageni. Hilo la mwisho lilipendekezwa na mwenyekiti wetu mwenyewe, na wote tukakubali, kwa sababu wale watu watakuwa wametoka mbali, na ilionekana si vizuri waje wote hao halafu warudi na vumbi tu. Baadaye nilijiuliza kama vikundi vya nchi nyingine vinapanga hivyo.

Mtu wa upande wetu alichaguliwa kwa kura. Nilichaguliwa mimi, nikiwa nimekwenda kupeleka maziwa.

Kwa hiyo nilihitaji kisahani kipya cha karibu. Lile sanduku la visahani aliloliacha mwalimu lilikuwa kwa mwenyekiti, ambaye ni dereva wa bodaboda na ana maoni kuhusu kila kitu, kuanzia matairi hadi ndoa. Ndani yake kulikuwa na vitatu: cheupe, cha njano na cha rangi ya chungwa. Nilivichagua kama tunavyochagua vibuyu. Nikavigonga kwa kifundo cha kidole, nikavinusa, nikaviinua kuvitazama kwenye mwanga wa jua. Cha njano kilinuka kama ndala mpya. Nikasema nachukua hicho.

Mwenyekiti akanikalisha chini. Akaniambia kisahani hakichaguliwi kwa harufu, kinachaguliwa kwa kujijua. Kuna warushaji wa aina mbili. Kuna mchapaji, anayekifyatua kwa kifundo cha mkono, kikaenda kinazunguka kwa nguvu. Huyo anataka kisahani kigumu chenye msimamo, kisichoyumbishwa na ule mzunguko. Halafu kuna msukumaji, ambaye mkono wake unakisindikiza tu kama anayemsindikiza mgeni mpaka barabarani, na chenyewe kinaelea polepole. Huyo anataka laini. Akaniuliza mimi ni nani kati ya hao. Nikamwambia mimi ni mtu wa Ihembe. Akaniambia nichukue vyote, nirushe kila kimoja siku tatu, nirudi na jibu la maana.

Cha rangi ya chungwa nilianza nacho na nikaachana nacho haraka. Kilikuwa kigumu kama mfuniko wa ndoo, na chini ya ukingo wake kulikuwa na kimgongo kama pete, ambacho vidole vyangu havikukipenda. Nikikirusha kinaanza vizuri, halafu hatua tatu kabla ya kikapu kinakata kushoto na kulala chini, kama mtu aliyeona kwao. Siku tatu nzima kiliingia mara moja, na mara hiyo kilimgonga ndama kwanza.

Cheupe kilikuwa chembamba mno tumboni. Kiliponyoka mkononi mwangu mara kwa mara na kupita juu ya kikapu, nami nikawa nakitafuta zaidi kuliko ninavyokirusha. Mfugaji mmoja aliniambia ng'ombe wake wameanza kunifahamu.

Cha njano kilinielewa. Kilikuwa laini, unaweza kukikunja kidogo, na kilielea kwa unyenyekevu. Upepo ukiwa umetulia kilikuwa kinaingia mara tano katika kumi. Upepo ukiamka kilikuwa kinakwenda unakotaka upepo. Nikarudi kwa mwenyekiti na jibu kwamba mimi ni msukumaji. Akaniambia alijua, akimwona mtu tu anamjua. Kisha akaniambia taarifa kutoka Nkwenda ni kwamba wamemchagua mama mmoja mshonaji, ambaye kwa kawaida anaingiza saba.

Nikauliza kama anaumwa siku hizi. Mwenyekiti akasema yuko mzima kabisa.

Iliyobaki ilikuwa wiki moja na siku mbili. Nikafunga karai kuukuu kwenye mti mmoja kando ya shamba letu la mahindi, nikawa nasukuma kisahani cha njano kila mchana, nikirudi kutoka kwenye maziwa. Tano. Sita. Nne. Tano. Bibi alikuwa anakaa kwenye kigoda akimenya ndizi za jioni, ananitazama. Bibi hatazami michezo. Nafikiri alikuwa anatazama mahindi.

Siku moja wakaja tumbili. Walikuwa sita au saba, walitokea upande wa makaburi, wakaingia mstari wa tatu kama watu waliotumwa. Nikaweka kisahani chini, nikaokota bonge la udongo, nikalirusha, likapasuka kwenye bua alilokuwa amelishika yule mkubwa. Nikaokota la pili, likampata mwingine mkiani. La tatu sikulirusha kwa sababu walikuwa wameshaondoka, na walikuwa na mtoto mgongoni mwa mmoja wao, nikaona inatosha.

Nikainama kuchukua kisahani changu.

"Mbona tumbili unawarushia kwa huo mwingine?" Bibi akauliza.

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa wa kushoto, na bado umeshika bonge la tatu. Nikafikiri kidogo, nikamjibu kwamba tumbili ni tumbili, mtu hana sababu ya kuwatunzia adabu.

Bibi akaacha kumenya. "Kumbe upo," akasema, na alikuwa anausemesha mkono, si mimi. "Nilidhani nilikumaliza."

Ndipo akaniambia jambo ambalo kila mtu pale nyumbani alilijua isipokuwa mimi. Nilipokuwa mdogo, kabla sijajua kusema vizuri, kila kitu nilikuwa nakichukua kwa kushoto: uji, jiwe, sikio la mbuzi. Mama yangu alikuwa amelazwa, nikawa nalelewa na Bibi. Akanifundisha kwa maneno, sikusikia. Basi wakati wa kula akawa anaufunga ule mkono kwa ukambaa wa mgomba kwenye mguu wa kigoda, ili ule wa kulia ujifunze kazi. Alifanya hivyo tangu kupalilia maharage mpaka kuvuna.

Nikamuuliza kama nilikuwa nalia.

"Hukulia. Ulikuwa unaitazama ile kamba. Nafikiri ulikuwa unaingoja imalize kula, ikuachie."

Alisema hivyo huku anaendelea kumenya, na ile ndizi aliimenya mpaka ikabaki nyembamba. Kisha akaniambia sababu. Kule alikoolewa, zamani, alimwona mtoto wa jirani amenyoosha mkono wa kushoto kupokea kipande cha nyama mbele ya wageni, akatolewa nje akale na kuku. Hakutaka nitolewe nje kwa watu. Hakusema samahani, wala mimi sikuona kama kuna mtu wa kuombwa. Kamba siikumbuki. Kigoda ndicho hicho hicho alichokuwa amekikalia.

Nikahamishia kisahani cha njano mkono wa kushoto. Nikarusha. Kilipita juu ya karai, kikapita juu ya mti, kikajigeuza tumbo juu, kikaishia kwenye mibuni ya jirani. Sikukisukuma hata kidogo. Kifundo cha mkono kilifyatuka chenyewe, kama kitu kilichokuwa kinasubiri kuulizwa.

Bibi akasema nimfuate jirani kwa adabu, na nimwombe kwa mkono wa kulia.

Asubuhi yake nikampelekea mwenyekiti cha njano na kumwomba cha rangi ya chungwa. Nikamweleza kwamba nimejijua upya, mimi ni mchapaji, na ni wa kushoto. Mwenyekiti alikuwa juu ya pikipiki anamsubiri abiria. Akauliza nimeligundua lini. Nikamwambia jana. Akauliza mechi ni lini. Nikamwambia anajua. Akazima pikipiki, akashuka, akaenda kufungua sanduku.

Na kile kisahani kigumu kilichokuwa kinakata kushoto na kulala, kwenye mkono wangu huu kilikuwa kitu kingine. Ile pete chini ya ukingo ilikaa kwenye kidole kana kwamba ilipimwa. Nikikichapa kinakwenda mbele kimenyooka, bila papara, na mwishoni kabisa kinaegemea kulia kidogo, kama anayekuachia nafasi kwenye benchi, kisha minyororo inacheka. Siku ya kwanza saba. Siku ya pili saba. Siku ya tatu, nane, na upepo ulikuwepo.

Shida ilikuwa aibu. Kikapu kiko wima, kimo chake ni kama mtu mfupi, na kina tumbo la kupokelea. Kila nikikirushia kwa kushoto nilihisi kama nampa mtu mzima kitu kwa mkono mbaya, na mkono ulikuwa unalegea. Nikatafuta dawa. Kwetu ukilazimika kumpa mtu kitu kwa kushoto, labda kulia kuna mzigo au tope, unamwambia kwanza, samahani kwa mkono, naye anapokea bila kinyongo. Basi nikawa namwambia kikapu. Samahani kwa mkono. Narusha. Samahani kwa mkono. Narusha. Ikasaidia kabisa. Wenzangu wa Bugene walicheka siku mbili, siku ya tatu wakawa wananisubiri niseme ndipo watulie.

Siku ya mechi wenzetu wa Nkwenda walifika kwa pikipiki tano na gari moja la mizigo, ambalo nadhani ni dalili walikuwa na matumaini. Mama mshonaji alishuka akiwa na futi ya kupimia shingoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja kukipima kikapu kimo na kiuno, akaridhika.

Mwenyekiti alikuwa amemwalika mwinjilisti wetu mstaafu aje afungue kwa sala. Ni mzee mwembamba, haoni mbali vizuri, ndiye aliyetufundisha Sunday school sisi wote wa umri wangu. Alitufundisha nyimbo, amri kumi, na namna ya kupokea sahani. Aliwaombea wageni, akauombea mchezo, akakiombea na kikapu. Kisha akapewa kiti pembeni, chini ya mwavuli.

Mama mshonaji alianza. Ni msukumaji, na ni msukumaji wa kweli, si kama mimi nilivyokuwa. Kila mara alikitoa kisahani kwa namna ile ile, bila kukunja uso, kama anayeingiza uzi kwenye sindano. Kati ya mara kumi kikaingia saba. Akarudi kukaa, akafungua chupa yake ya chai.

Nikasimama kwenye mstari. Nikachukua kisahani kwa kushoto, na watu wa Nkwenda wakaguna.

"Kijana," akasema mama mshonaji, "huo mkono umeuazima kwa nani?"

Nikamjibu ni wa kwangu, ila ulikuwa safarini. Akasema basi niuharakishe, ana magauni ya kwaya yanamsubiri.

Nikakiambia kikapu samahani kwa mkono. Kikaingia. Watu wa Nkwenda wakauliza nimesema nini, wakaelezwa, kisha mmoja wao akaitikia kwa niaba ya kikapu, "Bila samahani." Mara ya pili kikaingia. Mara ya tatu kikagonga ukingo. Mpaka namaliza mara ya tisa nilikuwa nimeingiza saba, na yule wa kuitikia alikuwa anaitikia kila mara, sasa kwa dhati. Mwenyekiti alikuwa amegeukia upande mwingine, kaziba uso kwa kofia ya pikipiki.

Ilikuwa imebaki mara moja. Kikiingia, nane kwa saba, kikapu kinabaki Bugene. Kisipoingia tumelingana, na wageni wanaondoka nacho. Nilikuwa nimetulia. Nilishakiona kile kisahani kinaingia kabla sijakirusha. Nilishaiona na ile ndege ya kwenda kwenye theluji.

Ndipo mwinjilisti akainuka kwenye kiti. Alitaka kuona. Nilishasema haoni mbali. Akatembea polepole na fimbo yake mpaka kwenye kikapu, akasimama nyuma yake, karibu kabisa, akaegemeza fimbo kwenye nguzo, na bila kujua anafanya nini akanyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu, kama mtu anayepokea.

Nikaanza kusema samahani kwa mkono, nikaishia kwenye samahani.

Nikaangalia ile mikono. Ni mikono iliyonipa mimi sahani yangu ya kwanza ya wali wa Krismasi kanisani, na kuing'ang'ania mpaka nilipoipokea kwa kulia, kisha ikanipapasa kichwani. Watu wote walikuwa wanasubiri. Nilijua kabisa kwamba pale anayepokea ni kikapu. Nilijua pia kile kisahani kingefanya nini kwenye mkono wangu wa kulia. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo. Nikakihamisha.

Kilianza vizuri. Hatua tatu kabla ya kikapu kikakata kushoto, kikalala, kikateleza kwenye nyasi mpaka miguuni kwa mzee. Akainama kwa shida, akakiokota kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Kikapu tulikikunja mimi na mama mshonaji. Kina ufundi wake, kuna pini ya chini lazima uichomoe kwanza, na ni mimi niliyeijua. Nikamwonyesha pia asikiweke kwenye mvua bila mafuta. Alikuwa ananitazama pembeni.

"Mara ya mwisho umerusha kwa mkono wa kulia chakula," akasema. "Kwa nini?"

Nikamwambia mzee alikuwa anapokea.

Hakucheka. Aliikunja futi yake, akaitia mfukoni, akasema mwezi ujao ana Jumapili ambayo hana kazi, na Nkwenda si nje ya nchi. Akasema nikija nisije na samahani, kikapu kitakuwa kimeshanizoea. Wakakifunga kwenye gari la mizigo kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Nilikiangalia mpaka kona. Hakuna kitu kinachoonekana kidogo kama malisho yaliyotolewa nguzo moja.

Mwenyekiti hakunigombeza. Alinirudisha mpaka Ihembe kwa pikipiki, baiskeli yangu nimeibeba begani, na tulipofika akasema atakusanya visahani vyote avifungie mpaka mwaka mwingine, isipokuwa kimoja cha karibu nichague nibaki nacho. Akauliza nataka kipi. Nikatoa cha rangi ya chungwa ndani ya shati. Akasema mchapaji. Nikasema ndiyo.

Habari ilikuwa imefika kwa Bibi kabla yangu, kama kawaida ya habari. Hakuniuliza. Alitoa kabatini kile kisahani changu cha bluu, akaweka amwani, akakiweka katikati yetu kama nilikuwa mgeni. Tukakaa. Baadaye akanyoosha kiganja.

"Nichotee."

Nikachota kwa kulia, nikampa. Kiganja chake kilibaki pale pale, hakikufumbwa. Nikasubiri, naye akasubiri. Nikazirudisha kahawa, nikachota kwa kushoto.

"Samahani kwa mkono," nikasema.

Akazipokea. Akazitafuna taratibu, zote, akitazama mahindi.

Cha rangi ya chungwa nakilaza chini ya godoro. Bibi amesema Alhamisi kuna watu watakuja kutoka Bugene, na kwamba ni wengi, cha bluu peke yake hakitawatosha.